Uzoefu wangu: kupimwa mgongo kwa dai la ulemavu wa pili, na daktari aliyemshukuru mume wangu

Nimepoa kidogo, ndiyo maana naandika leo. Ningeandika siku ile, ningeandika kwa herufi kubwa tupu.

Kwanza tuelewane. Aliyekuwa jeshini ni mimi. Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikajiunga na jeshi la nchi kavu, nikafundishwa kuendesha malori Fort Leonard Wood kule Missouri, nikayaendesha Kuwait. Huko Kuwait ndiko nilikoruka kutoka ngazi ya lori, mwilini nimebeba fulana ya kuzuia risasi, kifundo cha mguu wa kushoto kikalia kama muhogo unaovunjwa. Mume wangu hajawahi kuwa hata skauti. Yeye ni dereva wa basi la shule hapa Lowell. Hilo likumbuke, tutalihitaji.

Dai lenyewe ni kwa idara ya maveterani, yaani waliowahi kuwa jeshini, ambayo hulipa fidia kwa asilimia ya ulemavu. Mambo ya fomu na mahali pa kujazia yako kwenye tovuti ya serikali, sina haja ya kuyarudia. Kifundo changu kilishakubaliwa zamani, asilimia 20. Ila mguu mbovu haukai peke yake. Unachechemea mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, kiuno kinabeba mzigo usio wake, mwishowe kiuno ndicho kinachokuamsha usiku na kifundo umeshakisahau. Sheria inalijua hili. Kanuni ya 3.310 inasema maradhi yaliyoletwa na ulemavu ambao serikali imeshaukubali nayo yanahesabiwa kuwa ya jeshini, hata kama jeshini hukuumwa mgongo hata siku moja. Ndicho nilichodai. Kiuno, mtoto wa kifundo. Na ganzi inayoshuka mguu huohuo wa kushoto, mjukuu.

Nikapangiwa vipimo kwa kampuni moja yenye mkataba na idara hiyo. Jina lake nabaki nalo.

Ilikuwa wakati wa theluji, mwaka juzi kama si ule wa kabla yake. Baba watoto ndiye aliyenipeleka, maana siku hizo nikikaa garini nusu saa sinyanyuki bila kushikwa. Tukaingia wote wawili. Daktari akainuka kwenye kiti, akanipita, nasema akanipita kama vile mimi ni stendi ya makoti, akampa mume wangu mkono. "Asante kwa utumishi wako."

Na huyu mume wangu, na ile adabu yake ya Kitaita, akapokea mkono kwa mikono miwili, akajibu, "Karibu."

Karibu! Hilo nalo sijalisamehe.

Nikasema, daktari, askari ni mimi. Akatazama karatasi. Akanitazama. Akarudi kwenye karatasi. "Aa. Ulikuwa karani?" Radhi hakuomba. Kuanzia hapo kila nilichokiona mle ndani kilikuwa kibaya, hata ule mti wa plastiki wa mapokezi, ambao pengine haukuwa na kosa.

Akaniambia niiname. Nikainama hadi pale maumivu yaliponikamata. Akaangalia kwa jicho, akaandika namba. Kwa jicho! Kuna kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, cha plastiki, chenye mikono miwili, kinafanana na vitu vya mkebe wa hesabu wa darasa la saba. Kanuni zao wenyewe, ile ya 4.46, zinasema kifaa hicho hakina budi kutumika. Namba ile si pambo, ndiyo inayoamua kama mgongo wako ni asilimia 10 au 20. Yeye alikadiria kama mama anayekadiria chumvi.

Halafu likaja swali. "Uliumia mgongo ukiwa jeshini?"

Nikasema, niliumia kifundo, na hicho kifundo ndicho...

"Ndiyo au hapana."

Hapana.

"Kazi yako sasa?"

Nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee.

"Unawanyanyua?"

Nawanyanyua, ndiyo. Mzee wa miaka tisini ajinyanyue mwenyewe? Akatabasamu. Tabasamu lile limenigharimu karibu mwaka mzima. Dakika 12 kwa jumla. Najua kwa sababu mume wangu alilipia maegesho ya saa mbili na alilalamikia zile sarafu mpaka nyumbani.

Ripoti ilipotoka ilikuwa na mistari minne ya maana. Hakuna rekodi ya jeraha la mgongo jeshini. Maumivu yanaelekea kutokana na kazi ya kunyanyua wagonjwa. Hayakutokana na utumishi. Sahihi. Nani alisema niliumia mgongo jeshini? Nilisema hapana kwa mdomo wangu, mbele yake, na hiyo hapana ndiyo aliyoigeuza kuwa ushahidi dhidi yangu. Dai likakataliwa. Siku ile nilipika chapati 24 na hakukuwa na mgeni.

Kwa hiyo nyota ngapi? Sifuri. Na kama kuna namna ya kutoa chini ya sifuri, nipeni.

Hapo kati nikapigiwa simu na mtu mwenye sauti tamu. Atanitengenezea dai upya, na nikishinda nimpe nyongeza yangu ya miezi kadhaa. Shemeji mmoja wa kanisani alishawahi kuwalipa watu wa namna hiyo. Jihadharini. Sheria hairuhusu mtu kukutoza kwa kukuandalia dai la kwanza, na hata wakili aliyesajiliwa hadai ada kabla uamuzi wa kwanza haujatoka. Nilimkatia simu, lakini nakiri nilimsikiliza kwanza dakika nzima. Hasira inamfanya mtu mjinga.

Aliyenitoa shimoni ni mzee mmoja wa ofisi ya mji. Hapa Massachusetts sheria inataka kila mji uwe na ofisa wa maveterani, na huduma yake ni bure. Alipigana Vietnam, kofia haivui hata ndani ya nyumba, na anasoma kwa penseli. Aliisoma ripoti yangu yote, akapiga mstari mahali pawili, akasema, "Mama, huyu amejibu swali ambalo hukuuliza."

Mstari wa kwanza ulikuwa ule wa rekodi za jeshini. Daktari alitakiwa aseme kama kifundo kimeleta mgongo. Hakukitaja kifundo mahali popote! Mstari wa pili sikuwa nimeuona kabisa. Daktari alisema mgongo haukuletwa na utumishi, akaishia hapo. Lakini tangu kesi ya Allen ya 1995, ulemavu wa pili una milango miwili: ule uliosababishwa na ule wa kwanza, na ule uliozidishwa nao. Hata kama wale wazee ninaowanyanyua kazini ndio walioanza kuniharibu kiuno, kifundo kikiongeza ubaya, hiyo nyongeza inahesabiwa. Na kesi ya El-Amin ya 2013 ilisema daktari akiandika tu kwamba kitu "hakikutokana na" kingine, hajajibu lile la kuzidisha. Mzee aliyasema haya bila kufungua kitabu, huku akitafuta miwani iliyokuwa juu ya kofia yake.

Tena si lazima uthibitishe kama mahakama ya mauaji. Kipimo ni hamsini kwa hamsini. Mizani ikilingana, mwanajeshi ndiye anayepewa.

Nilitaka kukimbia kutafuta barua ya daktari wangu. Akanizuia. Tangu 2019 ukikataliwa una njia tatu, na kila moja ina mlango wake. Mwenye ushahidi mpya anapita ya dai la nyongeza. Kuna ya kwenda kwa majaji wa bodi ya rufaa. Na kuna ya mapitio ya ngazi ya juu, ambako mkaguzi mwandamizi anaangalia faili lilelile na ushahidi mpya haupokelewi. "Kosa lao liko ndani ya faili," akasema. "Usiwaongezee karatasi za kujifichia." Tukafungua kabla mwaka haujaisha, ili tarehe yangu ya dai la zamani, ambako malipo huanza kuhesabiwa, isipotee. Simu ya mkaguzi ilipokuja tulikuwa ofisini kwa mzee, tumeiweka kwenye spika, mzee anazungumza na mimi natetemeka. Dai likarudishwa nikapimwe upya.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kunisumbua. Nilirudishwa kwa kampuni ileile. Jengo lile, mti ule wa plastiki. Nilifika nimekaza meno, mume wangu nimemwambia asimpe mtu mkono. Akatoka daktari mwanamke wa makamo, akatutazama wote wawili, akauliza, "Nani kati yenu alikuwa jeshini?" Swali tu. Kumbe lilikuwa jepesi hivyo!

Akaniambia nivue viatu. Nikadhani anataka kuona kifundo. Akaviokota viatu vyenyewe, akavigeuza, akaviweka mezani pamoja. Soli ya kulia imelika kisigino kizima, ya kushoto karibu mpya. "Umevaa hivi muda gani?" Nikaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia. Miaka yote hiyo ushahidi nilikuwa nimeuvaa. Halafu akatoa kile kifaa cha plastiki.

Aliandika yote mawili: kwamba kuchechemea kumesababisha, kwa uwezekano wa angalau nusu kwa nusu, na kwamba hata ukiilaumu kazi, kumezidisha. Mgongo asilimia 20, ganzi ya mguu 10. Ukijumlisha na kifundo ni 50, si ndiyo? Hapana. Kwao 20 inakula kwenye 100, 20 ya pili inakula kwenye 80 iliyobaki, 10 inakula kwenye 64, unapata 42, wanashusha hadi 40. Mwalimu wangu wa hesabu wa Voi angetia mtu viboko. Lakini 30 kwenda juu unaongezewa malipo kwa mke au mume na watoto, kwa hiyo barua imekuja na jina la mume wangu ndani yake. Mtegemezi. Nimeibandika kwenye friji.

Basi kampuni ileile niipe ngapi? Kwa yule mama nyota tano. Kwa yule bwana sifuri yangu iko palepale. Nilitaka kugawa kwa mbili, halafu nikakumbuka hakuna aliyenieleza kwa nini nilihitaji kupimwa mara mbili ndipo mtu aangalie viatu, na hasira ikarudi. Moja. Haya, moja na nusu. Zile malimbikizo zilizolipwa kuanzia tarehe ya dai la kwanza zimenilainisha, siwezi kudanganya.

Juzi imetoka miadi ya nyonga, mjukuu wa pili wa kifundo. Jengo lilelile, daktari hawajamtaja. Baba watoto ameuliza kama anipeleke. Nimemwambia anipeleke, ila abaki garini.