Ndovu yatima badala ya zawadi: ufadhili wa Sheldrick kwa bathdei ya mtoto

Wazazi wengi Nairobi sasa huandika kwenye mwaliko: "Badala ya zawadi, tunaomba mchango wa hisani." Wazo ni zuri, lakini mara nyingi hukwama mahali pamoja. Pesa zinatumwa, risiti inabaki kwenye simu ya mama, na mtoto mwenye siku yake haoni chochote kilichobadilika. Mwaka unaofuata anataka zawadi zake, na ana haki.

Ndiyo maana kwa watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili tunauweka mbele ufadhili wa ndovu yatima wa Sheldrick Wildlife Trust, shirika la Kenya linalookoa na kulea ndovu waliopoteza mama zao. Mchango huu una jina, una sura, na habari zake humrudia mtoto mwaka mzima. Kima cha chini ni dola 50 kwa mwaka. Unaingia kwenye tovuti yao, unachagua yatima mmoja kwa kusoma historia yake, unaonyesha kwamba ni zawadi, unaandika jina la mtoto na kulipa kwa kadi. Kinachokuja ni cheti chenye jina lake, kisha kila mwezi barua pepe yenye taarifa za mayatima na mchoro wa rangi za maji.

Jambo la kumweleza mtoto tangu mwanzo: huu ni ufadhili, si umiliki. Ndovu yule yule ana wafadhili wengi.

Kinachowagusa watoto zaidi ni maziwa. Ndama wa ndovu hawezi kuyeyusha mafuta ya maziwa ya ng'ombe, na Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa shirika hilo, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko unaofaa, wenye mafuta ya nazi. Mwaka 1974 alimlea kwa njia hiyo ndama mchanga aliyeitwa Aisha. Alipoondoka kwa siku chache kwenda harusini, Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye peke yake, alidhoofika kwa huzuni akafa. Tangu hapo walezi hupokezana, hata usiku wanapolala na ndama zizini, ili mnyama asifungamane na mtu mmoja. Wadogo hunyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Mtoto akielewa hilo, dola 50 zinageuka chupa anazoweza kuzihesabu kichwani.

Sasa hesabu. Kwa shilingi 130 kwa dola, unahitaji Ksh 6,500. Familia 13 zikitoa Ksh 500 kila moja zinatosha kabisa, ila tenga ziada kidogo kwa sababu benki hubadilisha fedha kwa kiwango chake. Usitaje kiasi kwenye mwaliko. Kuna mzazi atakayeona 500 ni nyingi mwezi huo, na badala ya kusema, hatamleta mtoto. Andika hivi: "Imani anatimiza miaka minane na angependa kumfadhili ndovu yatima. Ukipenda kuchangia chochote badala ya zawadi, tutashukuru. Kuja kwenu ndiko muhimu." Mwaliko utoke wiki tatu kabla. Ukitoka siku tano kabla, nusu ya wageni watakuwa wameshanunua, nao watakuja na zawadi na aibu juu yake. Zipokee kwa shukrani, bila maelezo.

Ukusanyaji ndio huharibika zaidi. Ukitumia laini yako ya kila siku, michango huchanganyika na pesa za chama, za keki na za maziwa, na mwishowe hujui ni kiasi gani. Tumia laini nyingine, au fungua mchango kwenye M-Changa, jukwaa la mtandaoni la kukusanya michango, ili kila mtu aone jumla. Tatizo la pili ni dogo lakini husumbua: ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina la aliyetuma, yaani baba au shangazi, na wewe unamjua mtoto tu. Omba kila mmoja akutumie jina la mwanawe kwa WhatsApp, la sivyo orodha ya shukrani itakosa watu. Ukimaliza kulipa, weka kwenye kikundi jumla na picha ya cheti. Nani alitoa ngapi ni siri yako.

Lipa siku nne au tano kabla ya sherehe, uchapishe cheti kwenye karatasi ngumu. Kagua herufi za jina kwanza. Mtoto anahitaji kitu cha kushika siku hiyo, kwa hiyo mzazi, bibi au babu amnunulie zawadi moja halisi ya kufungua. Kumnyima yote ni kumfanya aichukie hisani.

Katika kuchagua ndovu, tungeshauri mwenye zaidi ya mwaka mmoja. Wanaookolewa wakiwa wachanga hufika wakiwa wamedhoofika, na wengine hufa licha ya juhudi zote. Upande wa pili, wakikua huhamishwa kutoka kituo cha ndama cha Nairobi hadi Tsavo kwenye vituo vya Voi na Ithumba, au Umani Springs kwenye msitu wa Kibwezi. Ukipanga kumtembelea Nairobi, uliza kwanza kama bado yupo.

Ziara ya umma kwenye kituo cha Nairobi ni saa tano hadi saa sita mchana, kwa kuweka nafasi mapema. Thibitisha ada unapoweka nafasi. Ndama huja mbio, wanashika chupa kubwa kwa mkonga na kuimaliza kwa mikupuo michache, kisha wanajigaragaza matopeni. Mvalishe mtoto nguo za kuchafuka. Wafadhili wana pia ziara yao ya alasiri, mayatima wanaporudi kulala, na nafasi zake ni chache, hasa likizo za Agosti na Desemba.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano hatuupendekezi. Barua pepe za kila mwezi zitasomwa na mzazi peke yake. Huyo mwache apeleke mwenyewe pakiti za unga kwenye makao ya watoto yaliyo karibu, baada ya kupiga simu kuuliza wanachohitaji. Na kwa anayefadhili: weka ukumbusho kwenye simu wa miezi kumi na mmoja baada ya kulipa, kwa kuwa ufadhili huisha baada ya mwaka, na mtoto ndiye wa kuulizwa kama unaendelea.