Meza ya matunda Kisutu: mapera na mafenesi ni bora, tangazo la stafeli liondolewe

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikinunua matunda kwenye meza moja ya sokoni Kisutu, Dar es Salaam, inayouza hasa matunda yenye asili ya misitu ya mvua: fenesi, shokishoki, stafeli, mapera na, yakipatikana, madoriani kutoka Unguja. Nilianza kwenda kwa ajili ya mama yangu, mgonjwa wa kisukari asiyeweza kuishi bila matunda, na kwa ubora wa matunda yenyewe naipa nyota nne kati ya tano.

Fenesi ndilo linalonirudisha pale. Kijana anayeuza hupaka kisu mafuta ya kupikia ili utomvu usigande, hupasua tunda kwa urefu, huondoa moyo wake, kisha hutoa nyama ya njano moja moja bila kuiponda. Ukimwomba, hukufungia na mbegu zake, ambazo wengi huzitupa ingawa zina wanga na protini, na zikichemshwa kwa chumvi kidogo hadi zilainike huliwa kama viazi. Nyama yake ina potasiamu kwa wingi, lakini likishaiva lina sukari nyingi pia, na kwa sababu hiyo mama huishia vipande vitatu.

Mapera huwekwa pembeni kwenye beseni, kana kwamba hayana hadhi, ilhali gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na chungwa la uzito huohuo lina kama 50 tu. Aidha, pera lina takriban gramu 5 za nyuzinyuzi, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Lioshwe na kuliwa na ganda lake. Shokishoki ni tamu na lina maji mengi. Doriani, tofauti na matunda mengi, lina mafuta, hivyo kipande kidogo kinashibisha.

Juisi siipendekezi. Mara mbili niliagiza ya stafeli bila sukari, na mara zote mbili nilipewa yenye sukari, tena iliyochujwa mpaka nyuzinyuzi zikabaki kwenye chujio.

Jambo linaloniumiza zaidi ni karatasi iliyobandikwa juu ya mastafeli, inayosema kwamba tunda hilo na majani yake hutibu saratani. Yapo majaribio ya maabara yaliyofanyika kwenye chembechembe za saratani, lakini hakuna uthibitisho kwamba linamponya binadamu. Isitoshe, mbegu na majani yake yana anonasini, kemikali inayodhuru neva, na ulaji wake wa mara kwa mara umehusishwa na maradhi yanayofanana na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, katika kisiwa cha Guadeloupe huko Karibiani. Mgonjwa anayetibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, akiisoma karatasi ile anaweza kuahirisha miadi yake, na saratani haimsubiri mtu. Nyama ya stafeli iliyotolewa mbegu ni chakula kizuri, na iuzwe kwa sifa hiyo.

Nilimweleza kijana yule kwa utaratibu. Alinisikiliza, akasema, “Nimekuelewa, dada, ila aliyebandika ni tajiri wangu.” Jumamosi iliyopita karatasi ilikuwa bado ipo.