Lili za kununua Nakuru: nimezipanga kwa namna zinavyozaana

Pakiti yenye picha ya lili kubwa ya waridi ndiyo huvuta mkono wa mnunuzi, nami nimeiweka karibu na mkia wa orodha hii. Sababu ni baridi. Lili nyingi za madukani asili yake ni Japani na China, ambako tunguu, yaani kile kitunguu cha ua, hulala ardhini miezi ya baridi kali ndipo lichipue. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku tunajifunika blanketi, lakini baridi yetu haifikii ile. Tunguu lililopozwa kabla ya kuuzwa hukuchanulia vizuri mara ya kwanza, kisha mwaka wa pili linaweza kukupa majani matupu. Kwa hiyo sikupanga kwa uzuri wa picha. Nimeuliza: ukinunua moja leo, baada ya miaka 3 utakuwa na ngapi zinazochanua?

Ya kwanza: lili nyeupe ya tarumbeta, ile ya Pasaka na ya harusi. Kwao ni visiwa vya Ryukyu vya kusini mwa Japani na Taiwani, mahali pa joto kiasi, ndiyo maana inatuvumilia kuliko dada zake. Inanukia, shina lake huota vitunguu vidogo chini ya udongo, na magamba ya tunguu lake huzaa bila shida. Ukiikuta kwenye kitalu ikiwa tayari imeota chunguni, inunue hiyo kabla ya tunguu kavu, kwa kuwa unaona kwa macho kwamba inaishi.

Lakini isikilize kwa upande wa maji. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia, na lili hii huumizwa nayo: ncha za majani hukauka kama zimeunguzwa. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni kiu, nikazidisha maji yale yale ya kisima, nikazidisha ugonjwa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Mbolea ya supafosfeti nayo iache, ina floraidi pia. Samadi iliyooza vizuri inatosha.

Ya pili: lili ya Formosa, kwa mbegu. Ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa mtu mwenye subira ningeipandisha ikalingana na ya kwanza. Haidai baridi, na mbegu iliyopandwa inaweza kuchanua kabla ya mwaka kuisha. Faida nyingine haionekani kwa macho: virusi vya lili kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, kwa hiyo unaanza na bustani safi. Ua ni jeupe, refu, lenye mstari wa zambarau mgongoni.

Ya tatu: lili ya chui, ya rangi ya chungwa na madoa meusi. Inaota vijitunguu vyeusi kwenye makwapa ya majani. Unavichuma kama matunda na kuvipanda. Ila inapenda baridi, hivyo ni ya watu wa Molo na Timboroa kuliko wa mjini. Tena inaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, basi ipande mbali na lili nyingine.

Ya nne: zile za waridi zenye harufu kali, ukoo wa Stargazer. Zinunue ukijua unanunua maua ya msimu mmoja. Ukitaka kujaribu msimu wa pili, chimbua tunguu, lifunge na vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, liweke ndani ya friji, sehemu ya chini kabisa, wiki 6 hadi 8. Ndizi mbivu na matufaha yasikae humo. Hewa yake huua chipukizi.

Za rangi kali zisizo na harufu, zinazoitwa za Kiasia, ni za mwisho. Zinadai baridi hiyo hiyo, na harufu hazina.

Wa Kisumu, chini kule kwenye joto la ziwa, anzeni na mbegu za Formosa, au mnunue amarili, ile ya maua mekundu makubwa kama kengele. Si lili halisi, ingawa wauza miche wengi huiita hivyo, lakini itawachanulia mwaka baada ya mwaka.

Unapochagua, lishike tunguu mkononi. La lili halina ngozi kavu kama kitunguu maji. Ni magamba manene yaliyobanana, na hukauka upesi likiachwa wazi. Liwe gumu, zito, lenye mizizi hai, lisilo na ukungu wa buluu. Mzunguko wa sentimita 14 hadi 16 unafaa. Lipande kina cha sentimita 15, kwa sababu mizizi mingi huota kwenye shina juu ya tunguu, na chini yake tia mchanga maji yasituame. Palipo na fuko, tandika wavu wa kuku shimoni kwanza.

Na ukiwa na paka, usipande kabisa. Jani, ua, hata chavua anayoilamba kwenye manyoya, huharibu figo na kuua.

Kuzalisha: bandua magamba ya nje 6 au 8, yaoshe, yapake dawa ya ukungu, yatie kwenye mfuko wa plastiki wenye vumbi la makumbi ya nazi lenye unyevu. Yaache ndani ya nyumba, mahali pa joto la kawaida. Baada ya wiki 8 hadi 12 kila gamba litakuwa limeota kitunguu 1 hadi 3 kwenye kitako. Panda mvua za Machi zikianza. Maua ni mwaka wa pili au wa tatu. Tunguu mama lirudishe ardhini, nalo litaendelea.