Impreza GC8 au Lancer Evolution: Lipi la Kununua Ukiwa Mombasa

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo anayetamani Subaru Impreza WRX STI ya GC8 (msimbo wa bodi ya kizazi chake cha kwanza) au Mitsubishi Lancer Evolution ya nne hadi ya sita hana budi kuchagua miongoni mwa magari ambayo tayari yana namba za Kenya, na mengi yao yamepitia mikono mingi. Kwa mkusanyaji, zote mbili zina heshima hapa nchini: Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally kwa Lancer mwaka 1996 na 2001, naye Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997.

Nafasi ya kwanza naipa Impreza, ingawa si kwa ubora wa barabarani. Subaru zimejaa nchini, mafundi wanaoielewa injini ya EJ20 yenye silinda 4 zilizolala ubavu ni wengi, na spea hazisumbui sana kupatikana. Udhaifu wake unaotuhusu watu wa Pwani ni intakula, yaani kipoza hewa inayosukumwa na turbo kwenda kwenye injini, iliyowekwa juu ya injini, ambayo hupozwa na upepo unaoingia kwenye tundu la boneti. Ukikwama kwenye foleni ya feri ya Likoni mchana wa Februari, upepo hakuna, joto la injini linaipasha, na nguvu hupungua mpaka gari lishike mwendo tena.

Evolution, ninayoiweka ya pili, imeepuka tatizo hilo kwa sababu intakula yake iko mbele, nyuma ya bampa, na kwa safari ya Malindi ningeichukua hiyo bila kusita. Kinachoirudisha nyuma ni AYC, mfumo wa haidroliki unaogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, kwani ukiharibika matengenezo yake ni ghali na spea huenda zikaagizwa Japani. Modeli ya RS kwa kawaida haina mfumo huo. Ukiipata iliyo halisi, geuza mpangilio wangu.

Uhalisi huanza kusomwa kwenye namba ya chasisi: Impreza hii huanza na GC8, Evolution ya nne CN9A, ya tano na ya sita CP9A. Herufi zikiwa nyingine, au zisipolingana na logibuku, huenda ni gari la kawaida lililovishwa nembo.

Kutu ndiyo ipewe uzito kuliko injini, maana injini hubadilishwa, bodi iliyoliwa na chumvi ya bahari haibadilishwi kirahisi. Inua zulia la buti ukague sehemu shokamzoba za nyuma zinaposhikilia bodi, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Isiponasa, chini ya rangi kuna pati, ule udongo wa kuzibia bodi. Kwa Evolution, dai pia risiti ya mikanda ya taimingi, ule mdogo wa shafti ya mizani (inayopunguza mtetemo wa injini) ukiwemo, kwa sababu ukikatika unaweza kuuharibu ule mkubwa na vali pamoja nao. Risiti isipokuwepo, gharama ya mikanda yote miwili itolewe kwenye bei kabla hujalipa.