Logeion: kamusi ya Kilatini tuliyoipima kwa neno "sativus"

Anayesoma kilimo au famasia hawezi kulikwepa neno hili. Mpunga ni Oryza sativa, habasoda Nigella sativa, kitunguu saumu Allium sativum, zafarani Crocus sativus. Logeion, kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Chicago, inakupa asili yake bure, bila kujisajili.

Andika sativus hata kama jina ulilonalo lina sativa, maana kamusi za Kilatini hupanga vivumishi kwa umbo la kiume. Kisha shuka kwenye maelezo ya Lewis na Short, kamusi ya 1879 iliyomo ndani ya Logeion. Utaona neno limetokana na kitenzi sero, "kupanda", na kinyume chake ni silvestris, yaani "-a mwitu". Ukimfuata huyo sero ndipo mambo huchanganyika, kwani wapo zaidi ya mmoja. Watofautishe kwa maumbo yao mengine, yanayoandikwa kando: unayemtaka ni mwenye sevi, satum. Mwenye serui, sertum ni wa kuunganisha vitu. Shambani hana kazi.

Vifupisho vinachosha. Plin. ni Plinius, mwandishi wa Kirumi: namba ya kwanza ni ya kitabu, iliyo baada ya alama § ni ya kifungu. Hizo mbili zinatosha kukufikisha kwenye matoleo ya sasa. Za katikati ziruke. Maelezo yenyewe ni ya Kiingereza, ila aliyesomea Kifaransa, kama wenzetu wa Kongo na Burundi, atamkuta Gaffiot, kamusi ya Kilatini kwa Kifaransa, humo humo.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba Lewis na Short waliandikia wasomaji wa maandishi ya Kirumi, si wataalamu wa mimea. Hutaambiwa kwa nini sativa hapa na sativum pale, ingawa kwa Mswahili huo ni upatanisho wa ngeli tu: Nigella ni ya kike, Crocus ya kiume, Allium si ya kike wala ya kiume. Lebo ya mafuta yenye "Nigella sativum" imekosewa. Wala hutaonywa kwamba mmea usioitwa sativa nao waweza kuwa wa shambani: Oryza glaberrima ni mpunga uliofugwa Afrika Magharibi. (Zafarani nayo, pamoja na jina lake, haitoi mbegu, hupandwa kwa viazi vyake.)

Kwa asili ya neno, tunaipendekeza. Kwa jina linalokubalika leo, fungua Plants of the World Online, orodha ya mimea ya mtandaoni ya bustani ya Kew, Uingereza: huko njegere, tuliyoizoea kama Pisum sativum, imeorodheshwa kuwa Lathyrus oleraceus.