G2 Contender: nyundo mpya, mitutu ileile

Contender ya Thompson/Center iliingia sokoni mwaka 1967, ikitengenezwa Rochester, New Hampshire, kwa ubunifu wa Warren Center. Ni bastola ya risasi moja: unavuta kinga ya triga, mtutu unainama kama wa shotgani, unatia risasi, unafunga. Pini moja tu ya bawaba ndiyo inayoshikanisha mtutu na bodi (fremu yenye nyundo na triga), kwa hiyo bodi iliyopiga risasi ndogo za .22 asubuhi inaweza kubeba .30-30 au .44 Magnum mchana. Silaha iliyouzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30 haiguswi ovyo, maana wateja wana mitutu kibao kabatini. Ndiyo sababu G2, toleo jipya la Contender lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibadilishwa karibu kila kitu isipokuwa pale mtutu unapokaa.

Kero kubwa ya bodi ya zamani ilikuwa nyundo. Mwindaji amekoki (amevuta nyundo nyuma), kulungu kajificha nyuma ya mti, nyundo ikashushwa taratibu. Kulungu akijitokeza tena, nyundo haikokiki: lazima bastola ifunguliwe na kufungwa kwanza ili kizuizi cha ndani kijipange upya. Mlio wa komeo kwenye pori tulivu unatosha kumtimua mnyama. Kizuizi kilikuwepo kwa ajili ya usalama, ila kilimwadhibu hasa yule aliyekuwa na busara ya kutofyatua. G2 inakokiwa tena bila kufunguliwa, na usalama umehamishiwa kwenye kizuizi cha nyundo kinachofanya kazi chenyewe. Swichi ya juu ya nyundo, ya kuchagua risasi ambazo fataki yake, yaani kiwashio, iko ukingoni mwa kitako cha ganda (kama .22) au katikati, imebaki. Ukibadili mtutu ukaisahau, nyundo itapiga pini isiyohusika na risasi haitalia.

Bodi za mwanzo pia zilikuwa ngumu kufungua. Kinga ya triga ya G2, yenye umbo la ile ya Encore, kaka yake mkubwa, imepunguza taabu hiyo, na mkono umepata nafasi zaidi nyuma yake. Gharama yake? Mipini na vitako vya zamani haviingii G2. Vibao vya mbele vinaingia, kwa kuwa hufungwa kwenye mtutu. Mitutu ya Contender inaingia pia, japo ile mikongwe kabisa ipitishwe kwa fundi kwanza. Ya Encore haiingii, na bodi hii si ya risasi zenye nguvu zaidi kama .308 wala .30-06.

Triga ndipo tunapolalamika. Ile ya zamani ilisifika kwa wepesi na ukatikaji safi. Ya G2 mara nyingi ni nzito zaidi ikitoka boksini. Mlenga shabaha wa bamba la chuma mwenye bodi nzuri ya zamani hana sababu ya kuiuza. Mwindaji anayo.

Risasi ikigoma na swichi iko sawa, usikimbilie kulaumu springi. Angalia komeo na sehemu linapoingia kwenye bodi: grisi iliyoganda huzuia kufunga hadi mwisho. Kwa wanaojaza maganda wenyewe, chanzo cha kawaida ni bega la ganda (pale linapoanza kuwa jembamba) kusukumwa nyuma kupita kiasi. Risasi inazama ndani ya chemba na pini haiigongi vya kutosha. Rekebisha dai ("die", kifaa cha kurudishia ganda umbo) kidogo kidogo mpaka bastola ifunge bila kulazimishwa, basi. Darubini nayo ifungwe kwa skrubu zote za kishikizo chake kwenye mtutu, kwa sababu mshtuko wa kaliba kubwa hulegeza kila kilichofungwa nusunusu.

Marekani kuna jambo moja la kisheria: bunduki yenye kitako na mtutu chini ya inchi 16 huhitaji usajili maalumu wa serikali kuu. Kesi ya seti ya Contender yenye kitako na mtutu wa inchi 21, ambayo ingeweza pia kuunganishwa kitako na mtutu mfupi wa bastola, ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1992 kampuni ikashinda. Kivitendo: ukigeuza bastola kuwa karabini (bunduki nyepesi yenye kitako), funga mtutu mrefu kwanza, kitako baadaye, ukirudisha, toa kitako kwanza.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha haina risasi, ifunge, kisha tikisa mtutu pembeni na juu-chini. Ukisikia mchezo kwenye pini ya bawaba, punguza bei. Pini nene kidogo huutibu.