Harry Potter ya sita: usiiangalie mchana

Kwa mwenye haraka: Harry Potter and the Half-Blood Prince ukiiwasha saa tisa alasiri, madirisha ya upande wa bahari yakiwa wazi, mwishoni utaona kioo cheusi na sura yako mwenyewe. Hapa Mtwara nimeiangalia kwa njia tatu: nakala ndogo ya kwenye flashi, nakala kubwa, na ile yenye sauti ya mtafsiri kwenye banda la video. Ni kama sinema tatu.

Ilitoka Julai 2009, ni ya sita kati ya nane, ina dakika 153 na mwongozaji ni David Yates. Mpiga picha wake, Bruno Delbonnel, aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii. Mfululizo mzima haukupata uteuzi mwingine wa upigaji picha. Kwa hiyo giza hili ni la kukusudia. Rangi zimekamuliwa mpaka nyekundu inaelekea kahawia na ngozi za watu zimepauka. Ile ya kwanza, ya 2001, inang'aa kama duka la mkesha wa Idi. Hii inafanana na picha iliyosahaulika kwenye unyevu wa masika.

Ndiyo maana nakala ndogo inaiua. Dakika 153 ukizibana kwenye MB 700, kinachotolewa kwanza ni tofauti ndogondogo za weusi. Pangoni, Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule ya uchawi, anapoinua fimbo yenye mwanga, maji yanageuka vipande vya mraba vinavyorukaruka. Chukua nakala ya GB 2 kwenda juu. Ikizidi GB 4, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 itaikataa hata kama ina nafasi tele. Ifomati kwa exFAT, na hakikisha kwanza TV yako inaisoma.

Kwenye TV, wengi hukimbilia kuongeza mwangaza. Ukifanya hivyo, weusi unakuwa kijivu na kila kitu kinaonekana kama kina moshi. Ongeza taa ya nyuma ya kioo, mwangaza uuache karibu na katikati, uchague hali ya sinema badala ya ile ya rangi kali inayokuja na TV mpya. Kipimo changu ni koti jeusi la mwalimu Snape: simamisha picha akiwa karibu na kamera, upandishe mwangaza kidogokidogo mpaka vifungo vitengane na kitambaa. Hapo acha. Ile mikanda myeusi ya juu na chini ya picha pia iache. Picha hii ni pana, kwa hiyo robo ya urefu wa kioo lazima ibaki tupu. Ukiikuza ijae, unakata watu waliosimama pembeni.

Sauti ina shida yake. TV kadhaa hazisomi sauti ya DTS: picha inatembea, kimya. Tafuta nakala yenye AAC au AC3. Kwenye sabufa punguza besi, kwa sababu filamu hii inanong'ona sana. Michael Gambon, anayeigiza Dumbledore, hapazi sauti ila pale inapobidi, na mvua ikianza kupiga bati ndio basi tena.

Maandishi ya chini yakitangulia au kuchelewa kwa kiasi kilekile mwanzo mpaka mwisho, kwenye VLC ya kompyuta bonyeza G au H uyasogeze. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, usihangaike na vitufe: yalitengenezwa kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo inamaliza kwenye dakika 147 hivi. Pakua mengine.

Sasa ile ya mtafsiri. Kwenye vichekesho vya Ron, rafiki wa Harry, na mpenzi wake Lavender inapendeza kuliko hata Kiingereza chenyewe. Inapoharibu ni kwenye Horcrux, ikiitwa hirizi. Hirizi humkinga anayeivaa. Horcrux ni kipande cha roho ya Voldemort, mchawi mwovu wa hadithi hii, kilichofichwa ndani ya kitu ili mwili ukifa yeye asife, na ili kipande kikatike lazima aue mtu. Ukibaki na "hirizi" kichwani, hutaelewa kwa nini mwalimu Slughorn anaona aibu kiasi cha kuichakachua kumbukumbu yake mwenyewe. Halafu juu ya mnara, pale ambapo watengenezaji wamenyamaza kwa makusudi, mtafsiri anaendelea kuongea.

Filamu yenyewe? Nusu ya pili ni bora kuliko chochote kilichotangulia katika mfululizo. Tazama mwanafunzi Draco Malfoy na lile kabati la kichawi: tufaha linakwenda na kurudi limeng'atwa, kisha ndege anarudi amekufa. Hakuna anayeeleza kitu na unaelewa kila kitu. Jim Broadbent kama Slughorn anachekesha na kutia huruma ndani ya sentensi moja. Pangoni, kijana anamnywesha mzee wake sumu kwa nguvu kwa sababu aliahidi. Mimi hapo huwa nageuza uso, si kwa ajili ya maiti za ziwani.

Ninacholalamikia ni kwamba giza wamelipiga picha, chanzo chake wamekikata. Kitabu kina kumbukumbu nyingi za ukoo na ujana wa Voldemort. Hapa zimebaki chache, na muda mwingi umekwenda kwenye mapenzi ya shuleni. Wakaongeza nyumba ya akina Weasley, kwao Ron, kuchomwa moto, jambo ambalo kitabuni halimo, na filamu inayofuata nyumba imesimama kama hakukuwa na kitu. Huyo Prince wa kwenye jina anajitaja kwa sentensi moja, bila maelezo, na kuondoka.

Usianzie hapa. Angalia kwanza ya pili (daftari la Tom Riddle, yaani Voldemort alipokuwa kijana, ndio Horcrux ya kwanza kuharibiwa), mwisho wa ya nne makaburini, na ya tano yote. Ya tatu ni nzuri kuliko hizo zote, ila kwa hadithi hii unaweza kuiruka.

Kuhusu watoto, Marekani iliipa PG (mzazi awe mwangalifu), wakati ya nne na ya tano zilipewa PG-13 (onyo kali zaidi kwa walio chini ya miaka 13). Mimi ningegeuza. Msichana anayening'inia hewani mdomo wazi baada ya kugusa mkufu, damu ikichanganyika na maji chooni, mikono mieupe inayotoka ziwani: mtoto ambaye bado anamkimbia lipiko, yule mchezaji mwenye kinyago cha Kimakonde, ngomani hatalala peke yake. Ukianza saa mbili usiku, pango linafika wao wakiwa macho bado. Walaze kwenye saa tatu na nusu, uiendeleze mwenyewe, taa zimezimwa.